Mthamini Anayekuja na Kapu

Saa tatu asubuhi, Mama Kikapu anapanda ngazi za jengo la maduka, kapu begani, tepu ya kupimia mfukoni. Kule chini ameshanunua uzi, sabuni na balbu. Ukuta hajapima hata mmoja.

"Huyu ni mthamini au amekuja sokoni?" mwenye jengo anamtania.

"Vyote viwili, mzee wangu. Tangulia."

Kazi yake ya miaka ishirini na miwili ni kukadiria thamani ya majengo ya biashara. Safari hii ameajiriwa na mafundi cherehani wa ghorofa ya chini, wapangaji wa siku nyingi wanaotaka kulinunua jengo hili kwa akiba yao yote. Mwenye jengo anataka shilingi milioni mia tisa, akisifia sakafu yake ya marumaru. Anaapa kwamba vyumba vyote vina wapangaji.

"Marumaru hayalipi kodi," anasema Mama Kikapu. "Thamani ya jengo la biashara ni kodi inayoingia. Mafundi wakilipia vyumba vitupu, watauza hata vyerehani."

Juu, duka la viatu limejaa mpaka dirishani. Mama Kikapu anachagua ndala za bluu.

"Bei gani, kaka?"

Muuzaji anakodoa macho. "Ngoja nimuulize mjomba."

"Mjomba yupi tena?"

Muuzaji anamtazama mwenye jengo. Mwenye jengo anatazama dari.

Mama Kikapu anacheka mpaka kapu linamteleza begani. Duka la vyombo la jirani nalo halijui bei. Muuzaji anakiri: bidhaa zote zimeazimwa jana ili vyumba vionekane vina watu. Ghorofa nzima haina mpangaji.

"Bibie, umenivua nguo," mzee ananung'unika, huku tabasamu likimtoroka.

"Mafundi wako hapo chini. Watakushonea nyingine."

Alipopiga hesabu, jengo lilisimama kwenye milioni mia sita na kumi. Mzee alivutana na mafundi wiki nzima, kisha akakubali. Mkataba unasainiwa mwezi ujao.

Mafundi wamemwomba Mama Kikapu awe mpangaji wao wa kwanza ghorofani, tena kwa nusu kodi. Ofisi anayopanga sasa ina dirisha moja, nalo linatazama ukuta.

"Wakishasaini, nahamia," anasema, akizifuta vumbi ndala zake za bluu. "Ila kodi nitalipa kamili. Kodi ya kile chumba niliikadiria mwenyewe kwenye hesabu zangu; nikiomba punguzo, nani ataniamini tena?"