Luksemburg Mbili za Coon Rapids

"Luksemburg naijua mlango kwa mlango. Nitajieni mlango wowote wa nchi ile, niwaambie unafunguka kwenda wapi!"

Maneno hayo Eliakim aliyatamka kwa kipaza sauti mbele ya parokia nzima, mwaka juzi, kwenye Sikukuu ya Mataifa ambayo kanisa lao la Coon Rapids, Minnesota, hufanya kila Juni katika uwanja wa kuegesha magari. Hakuna aliyemtuma. Kipaza sauti chenyewe alikuwa amepewa atangaze kwamba kuna Toyota imeziba njia.

Ili uelewe Mluhya wa Vihiga anatafuta nini Luksemburg, lazima kwanza uijue meza ya Kenya. Kwenye sikukuu hiyo kila taifa lina meza yake, na meza ya Kenya ilikuwa imeshapata wenyewe: mwenye chapati, mwenye shanga, na mwenye picha za simba, ambaye simba hakuwahi kumwona popote ila kwenye noti ya mia tano. Eliakim alipoomba nafasi, alipewa kazi ya kubeba viti. Mtu wa miaka hamsini na kitu, wiki nzima anaendesha gari la kupeleka wagonjwa kliniki, Jumapili abebe viti! Alivibeba. Lakini mwaka uliofuata alitokea na meza yake mwenyewe, akatandaza bendera nyekundu, nyeupe na samawati, na watu walipomuuliza ni ya klabu gani ya mpira, akawajibu kwa upole wa mtu aliyetembea: "Hiyo ni nchi, ndugu yangu."

Kufika alifika, hilo tusimnyang'anye. Mpwa wake aliolewa Arlon, mji wa Ubelgiji ulio karibu kabisa na mpaka, na harusi ilipokwisha Eliakim akabaki na siku nne mkononi. Akavuka. Huko akakuta jambo ambalo tangu azaliwe hakuwahi kulisikia: basi bure, tramu bure, treni bure, nchi nzima, kwa mwenyeji na kwa mgeni. Mtu aliyetoka Minnesota, ambako bila gari hata paketi ya maziwa huifikii, angewezaje kulipokea jambo hilo kwa utulivu? Alipanda basi la Echternach, akapanda la Vianden, akapanda na mengine asiyojua yaendako, mradi hakuna wa kumdai. Lifti ya vioo inayoshuka bondeni Pfaffenthal, nayo bure, aliipanda akashuka, akapanda akashuka, mpaka wenyeji wakaanza kumsalimia. Kila kilichokuwa bure alikimaliza. Kila kilichokuwa na dirisha la tikiti alikisifu akiwa nje.

Hilo la mwisho ndilo hakulitia kwenye kipaza sauti.

Historia lakini aliijua. Angekusimulia jinsi mwaka 963 bwana mmoja aitwaye Siegfried alivyobadilishana ardhi na watawa, akapata jabali la Bock, akajenga ngome juu yake. Jinsi Wahispania, Wafaransa na Waaustria walivyopokezana ngome hiyo, kila mmoja akaongeza ukuta wake, hadi mwamba wa chini ukatobolewa mahandaki kama nyumba ya fuko. Jinsi nchi hiyo ilivyo na lugha tatu na watu wasiotimia milioni moja. "Na yote," angemalizia, "inaingia ndani ya kaunti zetu hizi mbili, Hennepin na Anoka, na parking inabaki!" Watu wakacheka, wakamwita Mzee Luksemburg. Jina likamkaa. Kwa mara ya kwanza tangu aje Amerika, akawa mtu ambaye akiingia ukumbini, watu wanageuka.

Kisha akaja Perpétue.

Alikuwa Mkongo wa Bukavu aliyekulia Esch, mji wa pili kwa ukubwa huko Luksemburg, akaolewa na Mkongo wa hapa, akapata kazi hospitalini. Jumapili yake ya kwanza, baada ya misa, Wanjohi, mwenyekiti wa sikukuu na mtu asiyeweza kuficha jambo zuri, alimkokota hadi mbele ya Eliakim.

"Mzee, nimekuletea mtu wa kwenu!"

"Wa Vihiga?"

"Wa Luksemburg! Miaka kumi na saba amekaa huko. Kwani wewe ulikaa mingapi?"

Wivu una adabu zake. Haukuja na kelele, ulikuja na tabasamu na swali.

"Karibu sana, binti yangu. Hebu niambie, basi la kwenda Vianden siku hizi linatokea wapi?"

"Eeh Papa, mabisi mi siyajue," Perpétue akasema akicheka. "Sisi tulikuwa na voiture, gari ya kwetu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Eliakim alikuwa akipiga usukani kwa furaha. "Hajui mabasi! Miaka kumi na saba, Kendi, na basi la Vianden halijui!"

Kendi, mkewe, ni Mmeru asiyetupa maneno ovyo. "Nimeolewa na wewe miaka ishirini na tano nikingoja unionee wivu hata mwanamume mmoja. Kumbe wewe wivu wako ni wa nchi. Na nchi yenyewe si ya kwenu, wala si ya kwao."

"Sina wivu. Nasema tu ukweli wa usafiri."

Ukweli wa usafiri ulianza kumkondesha. Kila Perpétue alipofungua mdomo, kilitoka kitu ambacho Eliakim hakukiona dirishani mwa basi. Akina mama walimzunguka wakati wa chai awasimulie jinsi huko, Jumapili moja ya Kwaresima, mwanamume anavyompelekea mwanamke anayempenda mkate wa kusokotwa, na mwanamke akikubali anamrudishia yai siku ya Pasaka.

"Na asipomtaka?"

"Anamupa kikapu kitupu! Anarudi nacho kwao, kila mutu anaona."

Akina mama walicheka hadi wakashikana mabega. Eliakim, kando yao na kikombe chake, naye alicheka, kwa meno ya mbele tu. Siku nyingine Perpétue alileta sufuria ya supu ya maharage mabichi na viazi, namna wanavyoipika huko. Eliakim alionja kijiko kimoja, akatangaza kwamba chumvi imezidi. Akarudi na bakuli kuhakikisha. Akarudi tena.

Sikukuu ilipokaribia, Wanjohi alimjia kwa upole. "Mzee, si mkae meza moja na huyu dada? Wewe historia, yeye chakula."

"Mimi? Niwe wa kushikilia mwiko, katika nchi niliyoileta hapa mwenyewe?"

"Uliileta wewe?"

"Kabla yangu nani hapa alikuwa anaijua? Sikiliza, Wanjohi. Mwaka 1839 nchi ile iligawanywa, upande mkubwa ukaenda Ubelgiji, na mpaka leo pande zote mbili zinaitwa Luksemburg. Kule ziko mbili. Basi na hapa ziwe mbili."

Wanjohi akajikuna kisogo. "Kenya moja, Kongo moja, Luksemburg mbili. Haya. Mimi ni wa kupanga meza tu."

Sasa, katika hadithi ambazo Eliakim hachoki kuzisimulia kuna ya yule yule Siegfried na mkewe Melusina. Inasemwa alimwoa kwa sharti moja: Jumamosi asimtazame. Bwana akavumilia, akavumilia, Jumamosi moja akachungulia kwenye tundu la ufunguo, akaona mkia wa samaki. Mke akazama mtoni na hakurudi tena. Eliakim huimaliza kwa kuwanyooshea wanaume kidole: "Kilichokuponza ni jicho lako!" Na ndiye huyo huyo, Jumamosi kabla ya sikukuu, aliyeegesha gari nyuma ya ukumbi wa kanisa na kubandika pua kwenye kioo cha mlango.

Ndani, akina mama walikuwa wamejipanga safu, watano watano, kila mmoja ameshika ncha ya kitambaa cheupe na jirani yake ameshika ncha ya pili. Simu ilipiga muziki wa polka. Wakaruka kushoto, wakaruka kulia, wakasogea mbele kidogo, kushoto tena, Perpétue akiwa mbele yao akiwahesabia kwa mikono. Eliakim alijua ni nini: maandamano ya Echternach, ambayo watu huyaruka kila Jumanne baada ya Pentekoste hadi kwenye kaburi la Mtakatifu Willibrord. Kuyajua, aliyajua kwa kuyasoma. Yeye Echternach alifika siku ya Alhamisi, akakuta barabara tupu na paka.

Na katika safu ya pili, akiruka kama msichana wa kipaimara, kitambaa juu, alikuwa Kendi.

Hapo ndipo wivu ulipompata kwelikweli. Meza mtu anaweza kuigawa. Lakini raia wake wa kwanza, aliyemshonea ile bendera kwa mkono wake, kumbe amehamia upande wa pili bila hata kuaga!

Mlango ukafunguka. "Papa Eliakim!" Perpétue alikuwa anahema na kutabasamu. "Unasimama inje juu ya nini? Ingia!"

"Hapana, nilikuwa napita tu."

Coon Rapids hakuna mtu anayepita tu. Kanisa lenyewe limezungukwa na barabara kuu na duka la matairi. Perpétue alitazama gari, akamtazama yeye, akaurudishia mlango taratibu.

Nyumbani Eliakim alisubiri mpaka chai ikamiminwa. "Kendi. Wewe uko upande gani?"

"Upande wenye muziki," Kendi akasema, akasogeza sukari.

Siku ya sikukuu jua liliwaka. Eliakim alipanga bendera, ramani, na picha yake kubwa akiwa amesimama mbele ya kasri la Vianden, mkono kiunoni, mlango wa kasri nyuma yake. Upande wa pili wa uwanja lilisimama hema la Perpétue, na mlangoni mwa hema alikaa Kendi na kopo, akikusanya kiingilio cha kutengeneza paa la ukumbi. Foleni ilifika hadi meza ya Kongo. Kwa Eliakim alikuja mtu mmoja, akaulizia choo.

Halafu Perpétue akachukua kipaza sauti. "Wapenzi, supu ingali mu moto. Mukingoja, mwende kwa Papa Eliakim awaambie mambo ya kasri na ngome. Mi nilikuwa mutoto, sikumbuke. Yeye anajua milango yote!"

Hakukuwa na sumu ndani yake, na hilo ndilo lililokuwa baya. Foleni yote ikahamia kwake. Eliakim alivimba, kwa dakika chache akawa tena Mzee Luksemburg, akawapa Siegfried, akawapa mahandaki. Ndipo mama mmoja wa kwaya akaweka kidole kwenye picha.

"Huu mlango ulio nyuma yako, baba. Ndani kuna nini?"

"Ndani," Eliakim akasema, "kuna vyumba."

"Vya nani?"

"Vya wenyewe."

Wanjohi, ambaye siku zote anataka kusaidia, akaingilia: "Mzee, si ulituambia tutaje mlango? Basi tumetaja. Huo unafunguka kwenda wapi?"

Eliakim aligeuka akaitazama picha, kama vile yule mtu aliyesimama pale na mkono kiunoni angeweza kumnong'oneza.

"Unafunguka kwenda ndani."

Kicheko kilichopanda kilisikika hadi kwenye duka la matairi. Kabla hakijashuka, polka ikaanza hemani, na watu wakakimbilia huko wakiwa bado wanafuta machozi, wakamwacha na bendera.

Alikaa. Akapanga ramani iliyokuwa imepangwa. Kisha miguu, bila kumwomba ruhusa, ikampeleka hadi mlangoni mwa hema. Vitambaa vilipanda vikashuka. Perpétue aliruka vizuri, na Eliakim alimtafuta kosa kuanzia kisigino hadi kitambaani, asilipate. Zamani watu walikwenda kuruka hivyo kuwaombea wenye kifafa. Kama dawa hiyo inafika hadi kwenye wivu, hilo hakuwahi kulisoma mahali. Mwishoni mwa safu ya mbele ncha ya kitambaa kimoja ilining'inia, haina wa kuishika.

"Papa!" Perpétue akaita juu ya muziki, akikipunga. "Hii ni yako!"

Eliakim akainua mguu kuingia. Mkono wa Kendi ukaziba mlango.

"Kendi, mimi ni mume wako."

"Najua."

"Na hii nchi ni yangu."

"Kiingilio," Kendi akasema, akimsogezea kopo, "ni dola tano."