Kamba ya Jikoni

Nesi aliyehamishiwa Tukuyu kutoka Dodoma alikuja mtaani kwetu Ibighi kuangalia chumba jirani na changu. Dirisha hakulitazama. Alifungua bomba la uani, akakinga viganja, akacheka peke yake.

"Mama, maji hayakatiki?"

"Maji tu, mwanangu?" mama mwenye nyumba alimuuliza huku akitazama mawingu. "Na nguo utaanika wapi?"

"Si hapa hapa nje, juani!"

Mama akamwonyesha kamba iliyofungwa jikoni, juu ya mafiga. Nesi akaguna. "Nguo zangu kwenye moshi? Hapana, mama." Chumba akakichukua, kamba akaikataa.

Tangu ahamie, mvua haijatupa nafasi. Jumapili kanisani alikaa mbele yangu, gauni limepigwa pasi vizuri, linanukia moshi kama koti langu. Nikamwinamia.

"Karibu Tukuyu."