Ukaidi wa Ukoo wa Baba

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kliniki, huku Sekei, kupimwa uzito. Katikati ya mlango alikaa mtoto wa miaka miwili hivi, akivaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Mama yake alipoinama kumsaidia, mtoto aliusukuma mkono wake. "Mwenyewe!"

"Mtusamehe jamani," mama akatuambia tuliozuiwa kupita. "Ukaidi huu kaurithi kwa baba yake. Ukoo mzima ndivyo walivyo."

Foleni nzima tukatikisa vichwa kumwonea huruma. Wanasaikolojia wangemtetea mtoto: huo ndio umri wa kugundua kwamba wewe ni mtu, na kiatu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kiatu kikaingia, kimepinda hivyo hivyo. Mama akajitwika kapu, akabana mwavuli kwapani na kuchukua mkungu wa ndizi. Nesi akamfuata. "Dada, lete nikusaidie mpaka barabarani."

Mama akaukumbatia mkungu. "Asante, nabeba mwenyewe."

Mtoto akamtazama nesi kama mtu aliyekwisha kumwonya.

Kwa niaba ya foleni nzima, naomba radhi kwa ukoo wa baba.