Kengele Anyamaza

Nimewasikia wanadi wa mitumba katika lugha nyingi, lakini sijaona anayemfikia mama mmoja aliyepewa jina la Kengele kwa sauti yake. Akipanda mezani na kuinua shati, soko zima hugeuza shingo.

Mwaka mmoja sauti ilianza kukwaruza. Akadhani ataipumzisha kwa kunong'ona, akanadi hivyo hadi ikakauka. Daktari akamwonyesha kwenye skrini nyuzi zake za sauti, mikunjo miwili midogo ya nyama ndani ya koo. Mtu akisema, mikunjo hiyo hukutana, na pumzi ya mapafuni ikipita katikati huitikisa; mtikisiko huo ndio sauti. Yake ilikuwa imeota sugu, haifungi vizuri.

"Na huko kunong'ona kumezidi kuikaza, mama. Nyamaza kabisa, la sivyo utaipoteza sauti."

"Hatimaye nitashinda ugomvi mmoja," mumewe akatania. Kengele akamrushia mto.

Akarudi sokoni kimya. Alivaa kofia za kiume, akatembea kama bwana mkubwa, na wateja wakacheka huku wakitaja bei wenyewe. Neno halikumtoka hata alipokanyagwa mguu.

Daktari alipomruhusu, alisimama jikoni, akaweka mkono kooni na kuguna taratibu, "Mmm." Akausikia mtikisiko kiganjani.

"Bado ipo, mume wangu," alisema, kwa sauti safi.

"Ipo," mumewe akajibu, akipangusa macho. "Raha yangu imekwisha."