Msusi Anayengoja Mtihani

Msusi wetu mikono yake yote miwili imo vichwani mwa watu kutwa, kwa hiyo kitabu chake cha mtihani wa kuingia utumishi wa serikali hushikwa na mteja. Ukishakaa tu kwenye kiti cha plastiki, anakuwekea kitabu mapajani. Unasoma swali, naye anajibu huku akisuka, sauti chini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Akikosea hucheka kidogo, akakuomba urudie.

Jumamosi nilikuwa namsomea mimi redio ilipotangaza kwamba mtihani umeahirishwa tena, hadi itakapotolewa taarifa nyingine. Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

"Pole, mdogo wangu," nikamwambia. "Basi leo tupumzike."

"Mwakani nitakuwa nimepita umri wanaoutaka, dada."

Nikafunga kitabu. Akainama, akakifungua tena, akatafuta ukurasa kwa kidole chenye mafuta. "Na wakituita kesho?"

Nikasoma. Akajibu swali lile, na lililofuata. Kisha akasema, "Samahani, dada, mstari huu umepinda," akaanza kuufumua. Alinivuta nywele hadi machozi yakanilengalenga, nami sikumwambia kwamba ananiumiza.