Rufaa ya Bondia

Watu walimwita Bondia, ingawa tangu azaliwe hakuwahi kumpiga mtu aliyemtazama usoni. Hata alipomuua jirani yake, fundi seremala, alimvizia: nyundo moja ya kisogoni, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa shibiri mbili za kiwanja.

Mkewe alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, mwanamke mwenye mikono iliyochubuliwa na sabuni na ulimi usio na breki. Mahakama ilipomhukumu mumewe kunyongwa, alirudi kwenye mashuka yake. Miaka minne baadaye, rufaa ilipokaribia kusikilizwa, wakili alimfuata kazini, akasimama mlangoni akiogopa mvuke usimharibie suti. Akamweleza kwamba hoja yao ni kujihami. Ingefaa mama aje na watoto, akae mbele, alie kidogo.

"Machozi yangu nilishamlilia fundi," alimjibu akikamua shuka. "Ya Bondia katafute kwingine."

Hata hivyo alikwenda, peke yake, akakaa nyuma. Wakili alipaa na kutua mbele ya majaji watatu: mara giza lilikuwa nene, mara marehemu alikuwa mtu wa shari. Jaji mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akisoma ripoti ya daktari, akamuuliza kwa upole, "Mteja wako alikuwa akijihami dhidi ya kisogo?"

Wakili akafungua faili, akalifunga, akaomba maji.

Baada ya wiki sita hukumu ikasomwa. Hatia ilibaki palepale. Ila jaji wa kesi ya kwanza, walisema, alimhukumu kifo akidhani sheria haikumpa hiari ya kuchagua adhabu, kumbe ilimpa. Wakaifuta adhabu ile, wakampa kifungo cha maisha.

Bondia akageuka kizimbani akitabasamu kama aliyekabidhiwa kombe, akampungia mkewe mkono, na mjane wa fundi amekaa hapohapo. Mkewe alihisi nafuu, akajichukia kwa nafuu hiyo. Askari walipompitisha Bondia karibu naye, alimwambia taratibu, "Shusha huo mkono. Umeachiwa shingo tu, hujasifiwa."

Tabasamu likamfia mdomoni.

Nje, kwenye ngazi, mke akakutana na mjane. Hawakuwa wamesemezana tangu msiba.

"Mumeo hatarudi nyumbani," alisema mjane.

"Na asirudi, dada."

Wakashuka pamoja mpaka barabarani, kila mmoja akashika njia yake. Kule hospitali, zamu yake ya mchana ilikuwa imeshaanza.