Insha Moja, Sifuri Mbili

Juzi, kwenye ofisi ya chuo kimoja Silicon Oasis, Dubai, mbele yangu kwenye foleni alisimama binti Mkenya aliyevaa sare ya ulinzi. Yeye na mwenzake anayeishi naye chumba kimoja walikuwa wamepewa sifuri kwa insha zilizofanana.

"Dada, aliyenakili ni mimi," alimwambia karani, Mtanzania. "Nilifungua kompyuta yake akiwa kazini. Hakujua."

"Ukiandika hivyo, utarudia kozi nzima."

"Najua. Yeye arudishiwe alama zake."

Karani alimtazama, kisha akamsogezea karatasi na kalamu. "Andika polepole, mdogo wangu."

Aliandika hadi mwisho, akatia sahihi. Karani akasoma, akagonga muhuri. "Mwenzako atapata haki yake."

Mimi nilikuwa nimekwenda kumdaia mwanangu alama mbili za huruma. Nilitoka kwenye foleni.